Dhahabu inayobaki kwenye masalia: Kemia na hesabu ya kuikomboa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MILANZI, ambayo leo ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Sumbawanga, ina jina linalotangulia mengi katika simulizi za Wafipa. Ndipo panapotajwa kuwa makao ya Ntatakwa, mfalme wa kwanza, kabla ya utawala wa nchi kuchukuliwa na ukoo wa Watwachi.

Nyanda hizo za juu za Ufipa zilikuwa pia miongoni mwa vitovu vya uyeyushaji wa chuma katika Afrika Mashariki. Matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yalijengwa kwa kimo cha takriban mita 3 na kuvuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila kutumia mivukuto. Mabaki yake yangali yakionekana katika maeneo mbalimbali ya Ufipa, na yamechunguzwa kwa kina na wanaakiolojia, akiwamo Profesa Bertram Mapunda.

Mafundi hao hawakuishia kwenye tanuru la kwanza. Chuma kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa kimechanganyika na takataka, hivyo kilivunjwavunjwa na kupitishwa tena katika tanuru dogo la mivukuto liitwalo kintengwe, ndipo kikapelekwa kwa mhunzi. Mmisionari Wyckaert wa Shirika la White Fathers aliandika habari za mafundi hao mwaka 1914.

Kando ya matanuru hayo yalibaki malundo ya mavi ya chuma. Wanasayansi wanaopima mavi yatokanayo na matanuru ya aina hiyo duniani hukuta kwamba mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni oksidi ya chuma. Kwa maneno mengine, mali nyingi ilitupwa pamoja na takataka.

Kwa chuma, hasara hiyo ilivumilika, kwa kuwa mwamba wake ulikuwa mwingi. Lakini pale madini yanapokuwa dhahabu, fedha au platinamu, masalia hayawezi kuitwa takataka. Swali linakuwa ni nani ayachukue, ayachenjue kwa njia gani, na kwa gharama ya nani.

Kwa nini suala hili limekuwa kubwa

Kwa miaka mingi, Tanzania ilichimba dhahabu na kuisafirisha ikasafishwe ng'ambo. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiwa katika Bandari ya Dar es Salaam.

Kamati mbili ziliundwa. Ya kwanza, iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, ilikabidhi taarifa yake Mei 2017, na ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ilikabidhi yake Juni mwaka huo. Mvutano uliofuata kati ya Serikali na kampuni zilizohusika ulimalizika kwa makubaliano na kampuni ya Barrick yaliyotiwa saini Januari 2020, ambayo yaliipa Serikali hisa asilimia 16 katika Kampuni ya Twiga Minerals.

Ubishi wote ule ulihusu jambo moja la kikemia. Makinikia ni mchanga wa shaba uliobeba pia dhahabu na fedha. Ukiyeyushwa na shaba ikasafishwa kwa umeme, dhahabu na fedha haziendi pamoja na shaba safi, bali huanguka chini ya tangi kama tope jeusi. Mwenye tope hilo ndiye mwenye mali, na tope hilo lilikuwa likitoka katika viwanda vya nje.

Juni 2021 kilizinduliwa jijini Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza Precious Metals Refinery, kilichojengwa kwa ubia wa Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) na kampuni za Rozella General Trading ya Dubai na ACME Consultant Engineers ya Singapore. Kilitangazwa kuwa na uwezo wa kusafisha kilo 480 za dhahabu kwa siku kwa kiwango cha usafi cha asilimia 99.99.

Kuanzia Oktoba 2024, wenye leseni za uchimbaji na wafanyabiashara wakubwa wa madini walitakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, Benki Kuu ya Tanzania ikiwa mnunuzi.

Dhahabu inaposafishwa nchini, masalia ya usafishaji nayo hubaki nchini. Kutokana na hali hiyo, elimu ya kuyachenjua si jambo la mataifa mengine tena.

Masalia hutoka wapi

Hakuna njia ya kusafisha dhahabu isiyoacha kitu nyuma. Njia iliyobuniwa na Francis Bowyer Miller huko Sydney, Australia, mwaka 1867, hupuliza gesi ya klorini ndani ya dhahabu iliyoyeyuka. Fedha na shaba hugeuka kloridi na kuelea juu kama povu, nyingine zikitoka kama mvuke. Povu hilo huenguliwa likiwa na fedha nyingi pamoja na chembe za dhahabu zilizonaswa humo.

Njia ya pili, ya Emil Wohlwill wa Hamburg, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1874, hutumia umeme. Kipande cha dhahabu chafu huyeyuka polepole ndani ya maji yenye tindikali, na dhahabu safi hujijenga upande wa pili. Fedha huanguka chini kama kloridi, wakati platinamu na paladiamu hujilimbikiza ndani ya maji yenyewe.

Mbali na hayo, kuna mavi ya tanuru, vyungu vya kuyeyushia vilivyochakaa, vumbi lililonaswa kwenye chujio za moshi, maji ya kuoshea, glovu, matambara na hata taka za kufagia sakafu. Viwanda vikongwe vya sonara duniani huchoma matambara na kuchekecha majivu yake, kwa sababu uzoefu umewafundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chukua kiwanda chochote kinachopitisha kilo 480 kwa siku. Ikiwa sehemu moja tu katika kila 1,000 itabaki kwenye masalia, hizo ni gramu 480, karibu nusu kilo ya dhahabu kila siku.

Hatua ya kwanza: Kujua kilichomo

Mhandisi anayebuni mtambo wa kukomboa madini hayo haanzi na tindikali, bali na sampuli. Lundo la mavi ya tanuru halifanani pande zote. Chembe moja ya dhahabu yenye ukubwa wa kichwa cha pini inaweza kufanya kiganja kimoja kionekane tajiri na kingine maskini. Hivyo lundo husagwa, huchanganywa, hugawanywa mara kwa mara hadi kupatikana sampuli ndogo inayowakilisha lundo zima.

Sampuli hiyo hupimwa kwa njia kongwe ya moto. Huyeyushwa pamoja na risasi, nayo risasi hukusanya dhahabu na fedha yote. Kisha risasi huondolewa kwa joto katika kikombe cha majivu ya mifupa, na kubaki tone la madini ya thamani linalopimwa kwa mizani nyeti.

Baada ya kipimo hicho, masalia hutengwa kwa makundi. Yaliyo na fedha nyingi huwekwa peke yake, yenye shaba peke yake, na maji yenye platinamu peke yake. Kuchanganya makundi hayo kabla ya wakati ni kujitakia gharama.

Hatua ya pili: Kinachoweza kutolewa bila kemikali kitangulie

Dhahabu ni nzito mno. Ujazo wake mmoja huzidi uzito wa maji mara 19. Mavi ya tanuru na vyungu vilivyochakaa vikisagwa na kupitishwa kwenye meza ya kutikisa au mtambo wa kuzungusha kwa kasi, chembe kubwa hujitenga zenyewe. Kila gramu inayopatikana hapo ni gramu isiyohitaji kemikali.

Ni baada ya hatua hiyo tu ambapo kemia huingia.

Hatua ya tatu: Mpangilio wa tindikali

Siri ya ubunifu wote iko katika mpangilio. Tindikali ya nitriki huyeyusha fedha na shaba, lakini haiigusi dhahabu. Mchanganyiko wa tindikali ya haidrokloriki na ya nitriki, kwa kawaida sehemu tatu kwa moja, uitwao tangu kale maji ya kifalme, huyeyusha hata dhahabu na platinamu.

Mtu asiye na uzoefu anaweza kudhani kwamba njia fupi ni kutumbukiza kila kitu katika maji ya kifalme. Matokeo yake huwa mabaya. Mchanganyiko ukiwa na fedha inayozidi takriban asilimia 10, ganda la kloridi ya fedha hujijenga juu ya kila chembe na kuizuia tindikali kuifikia dhahabu iliyo ndani. Kazi husimama huku tindikali ikiwa imekwisha lipiwa.

Kwa sababu hiyo, masalia yenye fedha nyingi hupita kwanza kwenye tindikali ya nitriki. Ikiwa dhahabu ni nyingi mno kiasi cha kuikinga fedha isiyeyuke, mafundi huongeza fedha kwa kuyeyusha, hadi dhahabu iwe takriban robo ya mchanganyiko. Hapo tindikali hupenya na kuacha dhahabu ikiwa unga wa rangi ya kahawia.

Bati nalo ni adui. Likikutana na tindikali ya nitriki hugeuka uji mzito unaoziba chujio. Masalia yanayotokana na vyombo vilivyoungwa kwa lehemu huhitaji kuondolewa bati mapema.

Hatua ya nne: Kuirudisha dhahabu kuwa dhahabu

Dhahabu iliyoyeyuka haionekani. Maji huwa ya manjano tu. Ili kuirudisha, tindikali ya nitriki iliyozidi huondolewa kwanza, kwani ikibaki huyeyusha upya kile kinachoanguka. Kisha huongezwa metabisalfaiti ya sodiamu au salfeti ya chuma, na dhahabu huanguka chini kama unga.

Je, imeanguka yote? Tone la maji hayo likichanganywa na kloridi ya bati na kugeuka zambarau, jibu ni hapana. Kipimo hicho cha gharama ndogo kimeokoa dhahabu nyingi isimwagwe kwenye mfereji.

Fedha iliyoyeyuka hudakwa kwa chumvi ya kawaida, ikianguka kama kloridi nyeupe, kisha hurudishwa kuwa madini kwa kutumia chuma au zinki. Platinamu hudakwa kwa kloridi ya amonia, ikitoa chumvi ya manjano. Shaba iliyobaki mwishoni huangushwa kwa vyuma chakavu, ambavyo hubadilishana nafasi na shaba hiyo.

Mizani: Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika uhandisi wa kemikali daftari hilo ni mizani ya vitu, yaani hesabu inayodai kwamba kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka.

Tuseme imeingia tani moja ya mavi ya tanuru yenye gramu 300 za dhahabu. Mwisho wa kazi, zimepatikana gramu 240 za dhahabu safi, na vipimo vya mchanga uliobaki vinaonyesha gramu 30. Jumla ni 270. Gramu 30 nyingine ziko wapi?

Zinaweza kuwa kwenye maji, kwenye chujio, kwenye kuta za matangi, au mfukoni mwa mtu. Zinaweza pia kuwa hazikuwapo kabisa, iwapo sampuli ya mwanzo ilidanganya. Mtambo usioweza kujibu swali hilo haujakamilika, hata kama matangi yake yanang'aa. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomwezesha mkaguzi wa Tume ya Madini kudai mrabaha wa Serikali kwa ushahidi na si kwa makisio.

Marudio ya mchimbaji mdogo

Kwa mkazi wa Ufipa, hata hivyo, masalia yaliyo karibu zaidi si ya kiwanda cha Mwanza. Ni marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya mwamba kusagwa na dhahabu kunaswa kwa zebaki.

Kaskazini iko Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Huko Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi iliyoandamana na fedha, shaba na dhahabu katika miaka ya 1950, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kuifuata. Upande wa pili wa Ziwa Rukwa liko eneo la dhahabu la Lupa, wilayani Chunya, lililovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920.

Zebaki hunasa chembe za dhahabu zilizo wazi tu, hivyo nusu ya dhahabu au zaidi inaweza kubaki kwenye marudio. Katika maeneo mengi, mchimbaji anayesaga mawe yake kwenye karasha la mtu mwingine huondoka na kile alichokamata kwa zebaki, na kuacha marudio kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo.

Mwenye mtaji huyapeleka marudio hayo kwenye mabwawa ya sianidi. Njia hiyo, iliyovumbuliwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa familia ya Forrest, huyeyusha hata chembe zisizoonekana kwa macho. Dhahabu hunaswa na kaboni, kisha huvuliwa katika mtambo wa ilusheni.

Matokeo yake ni kwamba mchimbaji hulipa huduma ya kusaga kwa dhahabu asiyoiona na asiyojua kiasi chake. Kipimo kimoja cha sampuli ya marudio kingemwezesha kujua anaacha nini mezani, naye angeweza kujadiliana bei akiwa na hoja mkononi.

Hatari inayoishia ziwani

Kuna tatizo la pili, zito kuliko la bei. Marudio yaliyopitishwa kwenye zebaki yangali na zebaki ndani yake. Yakimwagiwa sianidi, zebaki hiyo nayo huyeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi kuliko awali.

Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, unataja uchenjuaji wa marudio yenye zebaki kwa sianidi, bila kuondoa zebaki kwanza, kuwa miongoni mwa vitendo vibaya vinavyopaswa kukomeshwa. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020.

Mito ya eneo la Lupa huelekea Ziwa Rukwa, nalo ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia na maji hakipati njia ya kwenda baharini. Hubaki kwenye tope. Zebaki iliyo kwenye tope la ziwa huweza kugeuzwa na vijidudu kuwa aina inayopanda hadi kwenye samaki, na samaki wa Rukwa huuzwa katika masoko ya Sumbawanga.

Kwa hiyo, ubunifu wowote unaostahili jina hilo huanza kwa kuondoa zebaki kwenye marudio kabla ya sianidi kuingia. Aidha, bwawa huwekewa tandiko lisilovuja, na maji yake huharibiwa sianidi kabla ya kuachiliwa.

Viwanda vya tindikali navyo vina masharti yao. Moshi wa kahawia unaotoka kwenye tindikali ya nitriki ni sumu ya mapafu, na lazima upitishwe kwenye maji ya kostiki soda. Maji machafu hutiwa chokaa hadi ukali wake uishe na shaba, risasi na zinki zianguke kama tope. Zaidi ya yote, sianidi na tindikali hazikai chini ya paa moja, kwa kuwa zikikutana hutoa gesi inayoua kwa muda mfupi.

Kwa mujibu wa sheria, kemikali hizo zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Masuala ya mazingira husimamiwa chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na Tume ya Madini hutoa leseni za uchenjuaji na usafishaji.

Kabla ya kununua tangi

Anayefikiria kuwekeza katika kazi hii ana maswali manne ya kujibu kwa takwimu. Masalia yana gramu ngapi kwa tani, kwa kipimo cha maabara na si kwa maneno ya muuzaji? Majaribio ya kiasi kidogo, kilo chache tu, yametoa asilimia ngapi? Kemikali, maji, umeme na vibali vitagharimu kiasi gani kwa tani? Na kinachobaki mwishoni kitalala wapi kwa miaka 50 ijayo?

Swali la nne ndilo linaloachwa mara nyingi, kwa sababu halina faida ya haraka. Mavi ya chuma yaliyoachwa na mafundi wa malungu yamelala kwenye nyasi za Ufipa kwa vizazi vingi bila kumdhuru mtu. Marudio ya leo yamebeba zebaki na sianidi, na hayatasamehe uzembe wa namna ile.